Bunduki ya Upepo kwa Mkono Mchanga

Mtoto wa Sindo, mji ulio kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, hujifunza kulenga kwa sababu ya omena, yaani dagaa. Asubuhi omena ikishaanikwa juu ya nyavu kuukuu ufukweni, yangeyange, kunguru na mwewe hawakawii kufika, na anayetumwa kuwafukuza ni mtoto mwenye panda mfukoni: tawi la mpera lenye pacha, mipira miwili iliyokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, na kigozi cha kushikia jiwe. Akiwa na umri wa miaka kumi na mbili ameshajua mengi ambayo mwalimu wa shabaha angemfundisha kwa fedha. Anajua kwamba jiwe la mviringo hunyooka na la bapa hupinda. Anajua upepo wa ziwa unapogeuka alasiri, lengo nalo lazima lisogezwe. Asichofundishwa na mtu ni lini asirushe.

Wazazi wa mtoto huyo ndio ninaowaandikia sura hii, maana wengi wao hukutana na jambo hili bila kujiandaa. Mjomba aliyeko Minnesota anapiga simu. Ameona bunduki ya upepo dukani, bei si mbaya, na Desemba akija nyumbani atamletea mpwa wake. Kwake huko ni jambo dogo, kwa kuwa sheria ya serikali kuu ya Marekani haiihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, na inauzwa rafu moja na mahema na ndoano za samaki. Dada yake wa Sindo anapaswa kumjibu waziwazi: "Ndugu yangu, hiyo usiiweke kwenye sanduku. Njoo na viatu vya shule."

Kenya mambo ni tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakitazama chombo chochote chenye mtutu, kinachoweza kurusha risasi na kuua, na hapo ndipo mzazi anapopaswa kuanza kufikiri. Hata mfano tu wa bunduki ukitumiwa kutenda kosa, mwenye nao anashtakiwa. Ushauri wangu ni mmoja na haulegei: ichukulie bunduki ya upepo kuwa silaha tangu siku unapoanza kuiwaza. Nenda kituo cha polisi kabla ya kununua, uelekezwe kwa Bodi ya Leseni za Silaha, na usilipe hata shilingi mpaka uwe na kibali cha maandishi kwa jina la mtu mzima. Bunduki isiwe ya mtoto kamwe. Ni ya baba, ya mama au ya klabu, naye mtoto anaitumia akisimamiwa. Kwa familia nyingi njia nafuu zaidi itakuwa klabu yenye uwanja wake, ambako kijana atapewa bunduki kwa saa moja na kuirudisha. Huko nako sura hii ina kazi, kwa sababu mwalimu akikupangia bunduki tatu mezani, ni juu yako kujua ipi inamfaa mwanao.

Kosa ambalo karibu kila mzazi hulifanya ni kuchagua kwa kutazama nguvu ya bunduki. Maboksi yenyewe yanamvuta huko, maana yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba risasi inakwenda futi 1,200 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kasi ya sauti, na risasi ndogo ya bunduki ya upepo ikikaribia kasi hiyo huanza kuyumba njiani na kupiga kelele kama mjeledi. Bunduki za upepo zinazotumiwa kwenye Olimpiki, ambazo ndizo zenye shabaha kali kuliko zote, hurusha risasi ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.53 hivi kwa kasi ya takriban mita 170 kwa sekunde tu. Hiyo ni karibu nusu ya kasi ya sauti. Inatosha kutoboa karatasi iliyo mita 10 mbele, na kijana anayeanza hana haja ya zaidi ya hapo.

Ukitaka kujua umri mdogo unaweza kufika wapi na nguvu hiyo ndogo, tazama michezo ya Paris ya mwaka 2024. Mshindi wa fainali ya wanawake ya bunduki ya upepo ya mita 10 alikuwa Ban Hyo-jin wa Korea Kusini, msichana wa miaka 16 aliyeanza kulenga shabaha mwaka 2021. Yeye na Huang Yuting wa China walimaliza wakiwa na pointi 251.8 kila mmoja, ikabidi wapige risasi moja ya kuamua. Ban akapata 10.4, Huang 10.3. Duara la kati kwenye karatasi hiyo lina upana wa nusu milimita. Nguvu za misuli hazina nafasi hapo, na ndiyo sababu mchezo huu unawafaa wasichana sawasawa na wavulana, na mtoto mwembamba asiyechaguliwa kwenye timu ya mpira anaweza kuwa bingwa wa darasa lake.

Basi bunduki rahisi ni ipi? Jibu langu ni hili: ni ile ambayo mtoto anaweza kuikoki, kuijaza, kuiinua na kuifyatua mwenyewe mara thelathini bila kuomba msaada na bila mikono kuanza kutetemeka. Mambo mengine yote yanafuata nyuma ya hilo.

Kukoki ndiko mtihani wa kwanza. Bunduki ya kawaida ya springi hukokiwa kwa kuukunja mtutu kwenda chini. Ndani ya bomba kuna pistoni inayorudishwa nyuma na kubana springi, kisha kifyatulio, au triga kama wengi wanavyokiita, kikivutwa, springi inaisukuma pistoni, hewa inabanwa, risasi inatoka. Mtu mzima akiukunja mtutu wa bunduki yenye springi kali haoni shida kubwa. Mtoto wa miaka kumi na mbili ataiegemeza kwenye paja, atausukuma kwa mikono yote miwili, na mtutu utaanza kuzunguka huku na huku ukielekea miguu ya waliosimama karibu. Hapo tayari kuna hatari hata kabla risasi haijawekwa. Akichoka na kuuachia katikati, mtutu unarudi kwa kishindo na kuumiza vidole. Kwa hiyo dukani au klabuni usiikoki wewe. Mpe mtoto, simama nyuma yake, tazama mabega. Mabega yakipanda hadi masikioni, hiyo si yake. Mwambie airudishe na umpe nyingine bila kumwonea haya, maana mtoto wa kiume hasa atasema "naweza, baba" hata mikono ikimwuma.

Kuna bunduki za springi zilizotengenezwa kwa kufikiria mikono ya namna hii. HW30 ya Weihrauch, kampuni ya Ujerumani, ina uzito wa kama kilo 2.5 na hukokiwa kwa nguvu ndogo kuliko nyingi za umbo lake. Kuna nyingine za Kicheki, Kihispania, Kichina na Kihindi, za bei ya chini. Sioni aibu kumpendekezea mzazi ile ya bei ya chini mradi springi yake iwe laini na kifyatulio chake kisikwame. Kifyatulio kizito humharibia mtoto kuliko mtutu mbaya. Akilazimika kukivuta kwa nguvu, mkono mzima unakaza, bunduki inahama, na yeye anaamini kwamba hana jicho.

Uzito na urefu huenda pamoja. Kilo mbili na nusu ni sawa na kushikilia chupa kubwa ya maji mkono ukiwa umenyooshwa mbele: dakika ya kwanza ni mchezo, ya tatu ni adhabu. Kitako kirefu huiongeza adhabu hiyo, kwa kuwa kinasukuma uzito mbali na mwili. Kipimo chake ni rahisi. Mtoto akunje kiwiko, kitako kikae kwenye mkunjo wa mkono juu ya kiwiko, kisha kidole cha shahada kinyooke kuelekea kifyatulio. Kidole kikifika bila kujivuta, urefu unamfaa. Kisipofika, kitako cha mbao kinaweza kukatwa na fundi seremala mwenye mkono mzuri, na kipande kilichokatwa kiwekwe, maana mtoto atakua na kitarudishwa kwa skrubu. Watengenezaji wa boti wa huku ziwani wanajua kuunganisha mbao isionekane mshono. Kazi hiyo haiwasumbui.

Kabla ya yote hayo, jua jicho lake. Mwambie anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja abakize tundu dogo la pembetatu, atazame mlingoti wa mtumbwi uliotia nanga kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuuona mlingoti ndilo linaloongoza. Wako watoto wanaoandika kwa mkono wa kulia lakini jicho la kushoto ndilo kiongozi, na ukiwalazimisha kulenga kwa la kulia watakosa mwaka mzima bila kujua kwa nini. Mtoto wa namna hiyo mpe bunduki isiyobagua mkono, yenye kitako kilicholingana pande zote mbili, umwache aiweke bega la kushoto.

Aina nyingine za bunduki za upepo nitazipitia haraka, kwa sababu kwa Sindo hazina hoja kubwa. Ile ya tangi, inayojazwa hewa ya presha hadi bar 200 na zaidi, ni tamu kupiga na haitikisiki. Ila inataka pampu maalumu inayomchosha hata mtu mzima, au mtungi wa wapiga mbizi. Ile ya gesi ya kaboni dayoksaidi hutumia vichupa vya gramu 12, na kichupa kikiisha Sindo, mtoto atakaa akingoja vingine viletwe na basi. Tena joto la mchana la ufukweni huipandisha presha yake, na asubuhi yenye baridi huishusha, kwa hiyo risasi za saa mbili na za saa nane hazipigi mahali pamoja. Ile ya kupampu mara kadhaa kwa mkono inaonekana inafaa, lakini mtoto hugundua upesi kwamba kuongeza pampu ni kuongeza nguvu, na anaanza kushindana na nguvu badala ya kushindana na karatasi. Springi haihitaji kitu chochote isipokuwa risasi na tone la mafuta. Hapa ziwani unyevu hula chuma usiku mmoja, basi kila baada ya kupiga, mtutu upanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, na ipigwe marufuku kuifyatua ikiwa tupu, kwa sababu bila risasi pistoni hugonga mwisho wa bomba na kujivunja.

Springi ina ugumu wake mmoja ambao mzazi lazima aujue. Inarukia pande mbili: kwanza nyuma, halafu mbele, na yote hutokea kabla risasi haijatoka mtutuni. Mtoto aliyezoea panda hushika kwa kukaza, na akikaza kila risasi inaenda upande wake. Afundishwe kuilaza bunduki juu ya kiganja kilicho wazi, vidole visiikabe, bega liiguse tu. Likimwingia hili, matundu kwenye karatasi huanza kukaribiana siku hiyohiyo, nawe utaona uso wake ukibadilika.

Kuhusu darubini, usinunue. Vilengeo vya chuma, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinamfundisha mtoto kuviweka sawa na kumwonyesha alikosea wapi. Darubini hukuza pia mtetemo wa mikono yake, naye mtoto akaishia kuufukuza mtetemo huo na kusahau kuvuta pumzi.

Risasi ziwe za milimita 4.5, zenye kichwa bapa, zinazokata tundu safi la mviringo kwenye karatasi. Epuka kabisa vile viduara vya chuma vigumu vya bunduki za kuchezea. Vikigonga jiwe au bati vinarudi nyuma vilevile vilivyokwenda, na macho ya mtoto yako kwenye njia yake. Miwani ya kukinga macho avae kila mtu aliyesimama hapo, wakiwemo watazamaji.

Risasi nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi, na hapo nitasimama kidogo. Kenya tumeshaona madini hayo yanavyofanya. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi, Phyllis Omido na wenzake wakapigana miaka mingi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mtoto anayepiga risasi chache kwa wiki hayuko kwenye hatari ya kiwango hicho. Lakini watoto wana tabia ya kushika risasi tano mdomoni ili mikono ibaki huru, na madini hayo huumiza ubongo unaokua hata yakiwa kidogo. Risasi zikae kwenye kopo lake, kopo likae mezani, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Zipo pia risasi za bati zisizo na madini hayo. Ni ghali zaidi, na mwenye uwezo azinunue.

Sasa mahali pa kupigia. Mgeni akifika Sindo atasema: elekezeni ziwani, kule hakuna nyumba. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Risasi inayogonga maji kwa pembe ndogo haizami, inadunda na kuendelea, na hata hii ndogo husafiri mamia ya mita. Kuna mitumbwi, kuna wanaofua, kuna watoto wanaoogelea wasioonekana ila kichwa. Upande wa vilima nako kuna mawe, na jiwe huirudisha risasi popote litakapo. Kinachofaa ni gunia lililojazwa mchanga laini uliochekechwa, limewekwa mbele ya ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu, na karatasi imebandikwa katikati yake. Mita 10 zipimwe kwa kamba. Kila mtu asimame nyuma ya mpigaji, na mpigaji asiikoki bunduki mpaka mkubwa aseme. Jirani ajulishwe mapema, kwa sababu mtu akimwona kijana na bunduki nyuma ya ua hawezi kujua ni ya upepo au ni ya kuulia, wala polisi wakiitwa hawataanza kwa kuuliza swali hilo.

Na ndege? Nimesikia wazazi wakisema kwamba bunduki itasaidia kulinda omena na mtama. Nawaelewa, maana ndege wakishuka shambani hasara ni ya kweli, na mama aliyekopa ili anunue omena mbichi hana muda wa kusikiliza hotuba. Hata hivyo siwezi kukubali. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikufungua mlango huo. Sisi wa pande hizi tuna sababu ya ziada. Mashariki ya Sindo, katika Bonde la Lambwe, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120, makao ya swala korongo wa mwisho wa Kenya. Mbayuwayu wa buluu, ndege anayetishiwa kutoweka duniani, hufika kwenye nyasi za Ruma kama mwezi wa Aprili akitoka kusini, akakaa mpaka Septemba. Ni mdogo, anaruka chini juu ya majani, na kwa mtoto mwenye bunduki mpya hana tofauti na mbayuwayu mwingine yeyote. Kwa omena, wavu wa kufunikia na mtoto mwenye debe la kugonga vinatosha, na panda ikitumiwa irushe udongo mkavu karibu na ndege, isimpige.

Mtoto akitaka shabaha yenye uhai zaidi ya karatasi, mtengenezee. Vifuniko vya plastiki vya chupa za soda vikining'inizwa kwa uzi juu ya gunia la mchanga hucheza kwa upepo wa ziwa na kumpa kazi ngumu kuliko ndege yeyote aliyetua. Viazi vitamu vilivyooza navyo hupasuka vizuri, na watoto hucheka kila mara. Makopo ya bati na chupa usiviruhusu, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja za kudunda, na kwa sababu vipande vya chupa hubaki ardhini vikingoja miguu mitupu.

Baada ya kupiga, bunduki ikaguliwe kwamba haijakokiwa, ifungiwe kabatini, risasi zifungiwe kwingine, na funguo zote mbili zikae kwa mtu mzima. Zisikae juu ya kabati ambapo kila mtoto wa nyumba anajua zilipo.

Karatasi zake zitunze, uandike tarehe pembeni. Mwezi wa kwanza matundu yatatapakaa karatasi nzima. Siku ambayo risasi tano mfululizo, kwa mita 10, akiwa amesimama bila kuegemea chochote, zitafunikwa na sarafu moja ya shilingi 20, mrudishie kile kipande cha kitako, kama ulikikata, mjadiliane kama yuko tayari kwa bunduki nzito zaidi ya mashindano. Kabla ya siku hiyo, fedha uliyokusudia kununulia bunduki nyingine inunulie risasi.